Kipindi cha Pili Nisichokikumbuka

Wewe uliyekuwa nami Jumapili iliyopita unajua mahali nilipoiweka kalamu chini. Wewe uliyeingia leo, keti. Nitakueleza kwa ufupi, maana sikulelewa kumpokea mgeni bila kumwonyesha kiti.

Mimi ni kiungo mkabaji. Nasimama katikati ya uwanja, mbele ya mabeki wangu, na mshambuliaji anayetaka kuingia kwetu ni lazima apige hodi kwangu kwanza. Nilisoma shule ya bweni tangu ningali mdogo, nikamaliza nikiwa kiranja mkuu, na siku wachezaji wenzangu walipoipata habari hiyo walilizika jina langu. Naitwa Kiranja. Jezi yangu naichomekea. Refa simbishii. Kadi nyekundu nimeziona wakionyeshwa watu wengine.

Jumamosi ile, kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni, niliruka kuuwania mpira wa kona nikagongana kichwa na beki wao. Nilianguka, nikainuka. Hadi hapo nakumbuka.

Kinachofuata katika kumbukumbu yangu ni harufu ya sabuni. Nilikuwa bafuni, maji yananimiminikia mgongoni, nami nikamuuliza golikipa wetu kipindi cha pili kinaanza saa ngapi.

Alicheka mpaka akaushika ukuta. Mechi ilikuwa imekwisha. Tulikuwa tumeshinda.

Hapo ndipo mke wangu aliponipigia simu. "Umemvunja mguu mdogo wangu," alisema, akakata.

Mdogo wake huyo ndiye winga wa timu tuliyocheza nayo. Watu humwita Sindano, kwa kuwa hupita panapopita uzi. Ni shemeji yangu, na zaidi ya hapo ni mwanafunzi wangu, kwani mimi ndiye niliyemfundisha kuutuliza mpira kwa unyayo kabla hata sauti yake haijavunjika.

Nilifika hospitali nikiwa na njumu zangu mkononi. Sijui kwa nini nilizibeba.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, mkoba magotini, macho yakiwa kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua uso. Kisha akauinua, akakitazama kipaji changu cha uso. "Na wewe umevimba, mwanangu. Umeonwa na daktari?"

Kabla sijajibu mke wangu alisimama kati yetu. Akiniita mume wangu, nyumba ni shwari. Akiniita Bwana Kiranja, mimi huanza kutafuta viatu.

"Bwana Kiranja, swali langu ni fupi. Ulikusudia?"

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Sikumbuki, mke wangu. Tangu ile kona sikumbuki kitu. Ni kama mtu amezima taa."

Akacheka kicheko kikavu, cha puani.

"Wewe? Wewe unayerudi nyumbani ukanisimulia mechi pasi kwa pasi mpaka chakula kinapoa? Wewe uliyenikumbusha mbele za wageni rangi ya viatu nilivyovaa siku tuliyokutana? Leo umesahau mguu wa mdogo wangu?"

"Naapa."

"Usiape. Mama yuko hapa."

Alikaribia mpaka nikaisikia pumzi yake, akashusha sauti.

"Alikupiga tobo. Hilo nalo hulikumbuki?"

Kupigwa tobo ni kupitishiwa mpira katikati ya miguu. Kwa mchezaji wa kawaida ni mzaha wa siku moja. Kwa kiungo mkabaji ni kama mlinzi wa lango kuibiwa kofia aliyoivaa.

"Uwanja mzima ulicheka," mke wangu akaendelea. "Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Muda si muda mdogo wangu yuko chini analia. Nilikuwa jukwaani. Niliuona uso wako."

"Uso wangu ulikuwaje?"

Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Ulikuwa umetulia," akasema.

Kisha akaniomba niondoke.

Msomaji, nimecheza mbele ya mashabiki wenye mawe mkononi. Nimewahi kupiga penalti ya mwisho mvua ikininyeshea machoni. Sijapata kuogopa kama nilivyoogopa katika ukumbi ule, kwa sababu ya jambo moja ambalo nalikumbuka vizuri sana.

Siku chache kabla ya mechi, Sindano alikuwa mezani kwetu. Alikula, akajifuta mikono, akatangaza mbele ya dada yake: "Shemeji, Jumamosi nakupiga tobo. Jiandae kisaikolojia."

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama nikamwambia, "Jaribu uone."

Maneno mawili tu. Lakini niliyasema, na niliyasema kwa kiburi.

Jumatatu asubuhi golikipa alikuja nyumbani. Mke wangu alikuwa bado kwa mama yake, kwa hiyo nilimkaribisha mwenyewe. Golikipa wetu ni mtu mkubwa kama kabati, tena mcheshi. Hata mazishini hukaa nyuma ili asiwachekeshe wafiwa. Siku ile alikaa kwenye ukingo wa kochi akayapapasa magoti yake.

"Kiranja, kuna habari mbaya na mbaya zaidi. Tuanze na ipi?"

"Anza na ya kweli."

"Zote za kweli." Akatoa simu. "Timu yao imepeleka malalamiko. Refa alikupa njano tu, akaona ni ajali. Wao wanasema ulikusudia. Kamati ya nidhamu inakutaka Jumatano."

Kamati ya nidhamu. Mimi. Nilitaka kucheka, lakini mdomo ulikataa.

"Nionyeshe picha ya mechi," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Nionyeshe."

Akanionyesha. Nikamwona mtu mwenye namba yangu mgongoni akikimbia katikati ya uwanja. Alikimbia kama mimi. Alinyoosha mkono kuwapanga mabeki kama mimi. Alipiga pasi nzuri, ndefu, na umati ukaimba jina la utani ninaloitwa mimi. Jezi yake ilikuwa inapepea nje ya bukta.

"Yule si mimi," nikasema.

Golikipa akacheka. Alipoona simfuatishi, akaacha.

"Kiranja, usinitishe. Ni wewe. Nani mwingine atapiga kelele 'Kaeni kwenye nafasi zenu' kama yuko bwenini?"

Nikaendelea kutazama. Sindano alipokea mpira pembeni, akaingia ndani, akanikabili. Akatikisa kiuno. Mpira ukapita katikati ya miguu yangu, naye akapita kando yangu akiwa ameinua mkono mmoja kwa mashabiki. Yule mtu mwenye namba yangu hakugeuka. Alisimama tu, mikono kiunoni, akiangalia nyasi.

Golikipa alisogeza picha mbele. Sindano tena, mpira tena. Safari hii yule mtu alimwendea kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Mguu wake ukanyooka. Wakati uleule beki wetu mmoja akapita mbele ya kamera, na alipoondoka Sindano alikuwa amelala, kiganja kinapiga ardhi.

"Rudisha."

Akarudisha. Nikatazama mpaka macho yakaniuma. Mgongo wa beki ulificha kitu pekee nilichotaka kukiona. Mguu ule ulikuwa ukiufuata mpira, au ukimfuata mtu? Picha haikusema.

"Na ile habari mbaya zaidi?" nikauliza.

Golikipa akaizima simu. Akainuka, akaenda dirishani, akaongea na pazia.

"Ulipogongwa, daktari wa timu alikuja na maswali yake. Unayajua."

Nayajua. Kila mchezaji wetu anayajua. Mtu akigongwa kichwa, daktari humpigia magoti palepale nyasini akamuuliza: tunacheza na nani, mabao ni mangapi, nani kafunga, hiki ni kipindi cha ngapi. Akikosea, anatolewa. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kutolewa, wenzake wamezoea kumsaidia majibu kwa siri. Mimi mwenyewe niliwahi kuwakemea wachezaji vijana kwa mchezo huo wa kijinga, nikawaambia kwamba kuiba jibu la kichwa chako ni sawa na kujiibia nyumbani kwako.

"Hukujua jibu hata moja, Kiranja," golikipa akasema. "Ulikuwa unanitazama mimi, nilikuwa nyuma ya daktari. Macho yako yalikuwa kama ya mtoto aliyepotea sokoni. Nikakuonyesha mabao kwa vidole. Jina la mfungaji nililisema kwa midomo. Ukasoma. Daktari akakupiga bega, akasema uko sawa."

"Kwa nini?"

"Kwa nini?" Aligeuka, na machozi yalikuwa yameshaanza safari. "Kwa sababu bila wewe pale mbele, mimi nafungwa! Nilidhani ni kizunguzungu cha muda mdogo. Ningejua? Kaka, ukisema hili kwenye kamati, daktari anafukuzwa. Na mimi naondoka naye."

Nilimpa kitambaa.

Alipoondoka niliketi kwenye kiti changu nikafumba macho. Nina mazoea ya kazi ambayo yamenilisha miaka yote hii: mechi ikiisha, naicheza upya kichwani kuanzia mpira unapoanza, kila pasi, kila aliyekuwa kushoto kwangu, kila aliyekuwa kulia. Hivyo ndivyo ninavyojua nilipokosea. Makocha wananipenda kwa hilo, na mke wangu ananivumilia.

Nikaanza. Mpira ukaanza. Nilimpa beki wa kushoto, akanirudishia. Nikageuka, nikampa winga. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kama nguo zilizopigwa pasi. Nikafika kwenye kona. Nikaruka.

Sabuni.

Nikarudia, polepole. Kona. Nikaruka. Sabuni. Nikajaribu kuingia kwa nyuma, kutoka bafuni kurudi uwanjani, kama mtu anayejaribu dirisha baada ya kukuta mlango umefungwa. Hakukuwa na dirisha. Palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta kulikuwa na mtu aliyevaa ngozi yangu akifanya mambo.

Nilifumbua macho.

Siku ya pili yake nilikwenda wodini, saa ya kuwaona wagonjwa. Sindano alikuwa kitanda cha pembeni, mguu umefungwa plasta nzito na kuinuliwa juu ya mito. Rafiki zake walikuwa wameshaichora plasta ile mipira na vikaragosi.

"Karibu, shemeji," akasema. "Umekuja kumalizia wa pili?"

Alicheka. Lakini niliposogea kuvuta kiti, niliona anavyouvuta chini ya shuka ule mguu mzima, usiovunjika. Aliuvuta taratibu, bila kukusudia, kama mtu anavyouondoa mkono karibu na jiko.

Nilibaki nimesimama.

"Pole sana," nikasema.

"Nimeshapoa. Daktari amesema mfupa utaunga. Atakayechelewa kuunga ni dada, huyo nakuonea huruma." Akautazama uso wangu, mzaha ukamtoka. "Shemeji, mimi sijapeleka malalamiko. Ni viongozi wangu. Mimi sina haja ya wewe kufungiwa."

"Una haja ya nini?"

Alifikiri. Mara nyingi nilikuwa nimemwona akifikiri hivyo, ulimi kwenye kona ya mdomo, tangu siku nilizokuwa nikimfundisha kupiga faulo.

"Nataka uniambie ukweli. Nitarudi uwanjani, hilo halina mjadala. Ila nikirudi nataka kujua nimwogope mtu au niziogope nyasi. Kama uliteleza, basi, nitakuwa mwangalifu na nyasi. Kama ulikusudia, wewe uliyenifundisha..." Aliitazama plasta. "Basi hakuna mtu wa kutomwogopa."

"Wewe uliona nini?"

"Niliuona mpira. Ulinifundisha nisiutoe jicho mpirani. Nikasikia mguu."

"Sindano, sikumbuki."

Hakukasirika. Heri angekasirika. Alitikisa kichwa taratibu, kama mzee, akageukia ukutani.

"Haya, shemeji. Ukikumbuka utaniambia."

Jumatano ikafika. Kocha alinidaka nje ya chumba cha kikao, akanivuta hadi penye birika la maji, akaniweka sawa tai kana kwamba mimi ndiye bwana harusi.

"Neno ni moja. Uliteleza. Sema, ukae. Watakufungia mechi tatu, utarudi, tutachukua ubingwa."

"Kocha, sikuteleza."

"Unajuaje? Si umesema hukumbuki?"

Akaiachia tai yangu.

"Huwezi kusema uliteleza kwa hakika," akaendelea kwa upole, "na huwezi kusema hukuteleza kwa hakika. Kwa hiyo ukisema uliteleza, utakuwa umedanganya wapi? Nionyeshe."

Nakiri kwamba hoja ile ilinikaa vizuri, kama njumu mpya, mpaka nilipojaribu kutembea nayo.

"Na nikisema nimesahau?"

Uso wa kocha ukafunga. "Ukisema umesahau, daktari wa ligi atakushika. Mchezaji aliyecheza kipindi kizima bila kujitambua hapewi kibali, Kiranja. Si mechi tatu. Si msimu. Umri wako huo, ukikaa nje umekaa. Utaenda kuwafundisha watoto kupanga viatu bwenini. Nimemaliza."

Akanipiga bega, akaingia.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na feni iliyokuwa ikizungusha shingo kama shabiki aliyekosa kiti. Mwenyekiti wa kamati alikuwa hakimu mstaafu, mama wa makamo mwenye miwani aliyoishusha puani kila alipotaka kumwona mtu vizuri. Upande mmoja tulikaa sisi: kocha, daktari wa timu, golikipa na mimi. Refa alikuwa peke yake kwenye kona, koti limefungwa vifungo vyote.

Upande wa pili walikaa viongozi wa timu ya Sindano. Katikati yao, kwa niaba ya mgonjwa, alikaa mke wangu.

Hakuniangalia. Alikuwa amevaa lile gauni la kijivu tulilolinunua pamoja, na katika maisha yetu yote ya ndoa sikuwahi kumwona ameketi upande usio wangu.

Picha ikaonyeshwa. Tobo. Kicheko cha umati kilijaa chumba kizima, nikauhisi uso unawaka. Kisha ule mguu. Kisha mgongo wa beki. Kisha kiganja kikipiga ardhi.

Mwenyekiti akaishusha miwani.

"Kijana, sifa zako nimezisikia. Wanasema hujawahi kumdanganya refa hata kwenye mpira wa kurusha. Kwa hiyo nitakuuliza mara moja tu. Mguu ule uliufuata mpira au ulimfuata mtu?"

Nikasimama. Niliona kocha ananitikisia kichwa: teleza, teleza, teleza. Nikamwona golikipa amefumba macho. Nikamwona mke wangu akitazama mikono yake.

Ninyi mnaonisoma mmezoea kunisikia nikijisifia msimamo. Leo niwaambie ukweli: kama angekuwapo mtu wa kunionyesha jibu kwa vidole, ningelisoma.

"Mheshimiwa," nikasema, "sikumbuki."

Minong'ono ikapita mezani. Kocha akavuta pumzi kwa meno.

"Hukumbuki tukio?"

"Sikumbuki tukio, wala tobo, wala kipindi cha pili. Niligongwa kichwa wakati wa kona. Nilipozinduka nilikuwa bafuni."

"Anatania, Mheshimiwa!" kocha akaruka. "Huyu alicheza vizuri kuliko wote siku ile!"

"Huyu hatanii," mwenyekiti akajibu. "Hata sura yake haijui kutania. Keti." Akanigeukia. "Daktari wako alikupima?"

"Alinipima."

"Ukayajibu maswali?"

"Niliyajibu. Lakini si kwa akili yangu. Nilisaidiwa."

Daktari wa timu aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia meza.

"Na nani?"

"Hilo, Mheshimiwa, naomba nisilijibu."

"Utalijibu."

"Sitalijibu."

Feni ikageuza shingo, ikarudi. Kisha kiti kikalia kando yangu, na kabati lile la mtu likasimama, jasho likimtiririka.

"Ni mimi," golikipa akasema. "Msimuulize tena, atakufa na neno kinywani. Ni mimi niliyemwonyesha. Alikuwa hajui hata tunacheza na nani."

Kwa mara ya kwanza siku ile mke wangu aliinua macho. Alimtazama golikipa. Kisha akanitazama mimi, na kile kitu kilichokuwa kimekaza uso wake tangu hospitalini kikaanza kulegea. Midomo yake ilitengeneza maneno bila sauti. Niliyasoma. Mume wangu.

Nilijua kazi yangu ya uwanjani imekwisha pale pale, mbele ya chupa za maji. Nilijua, na haikuniuma kama nilivyotarajia. Nilifikiri: nitarudi wodini, nitamwambia Sindano kwamba hakukuwa na mtu wa kumwogopa, kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu kabisa ndani ya jezi ile. Alikuwa mgonjwa asiyejitambua. Nilijiona nakaa kwenye kile kiti cha wodini ambacho sikukaa.

Mwenyekiti alikuwa tayari anaipandisha miwani.

"Basi hili ni suala la matibabu, si la nidhamu," akaanza.

"Mheshimiwa." Sauti ilitoka kwenye kona. "Naomba nafasi."

Refa alikuwa amesimama. Nilimfahamu miaka mingi: mtu mkavu, mwenye haki, ambaye tuliheshimiana bila kusalimiana sana. Sasa alikuwa anakifungua na kukifunga kifungo cha juu cha koti lake.

"Kuna jambo sikuliandika kwenye taarifa yangu," akasema. "Sikuliandika kwa heshima niliyokuwa nayo kwa mtu huyu. Nimekaa nalo, lakini kwa haya niliyoyasikia leo siwezi kulinyamazia tena."

"Sema."

"Baada ya kipenga cha mwisho alikuja chumbani kwangu. Alibisha hodi, akasubiri nimkaribishe. Akasimama wima, mikono nyuma, jezi ameichomekea. Aliniita kwa heshima kama siku zote. Hakuonekana mgonjwa. Hakuonekana amepotea."

Refa akanigeukia.

"Aliniambia: 'Refa, umenionyesha njano, umekosea. Mpira niliuona, nikauacha. Nilimkusudia yule kijana. Andika.'"

Golikipa akaketi taratibu.

"Nilimwambia akaoge, apumzike, tutazungumza," refa akamaliza. "Akanishukuru. Akatoka akafunga mlango bila kishindo."

Mke wangu alikuwa amesimama. Sikumwona akisimama. Mkono mmoja ulikuwa kinywani, na ule uso uliokuwa umeanza kunirudia ulikuwa umekwenda tena, mbali zaidi ya mwanzo.

Mwenyekiti akaivua miwani kabisa, akaiweka mezani.

"Kijana, unamwita mwamuzi mwongo?"

"Hapana, Mheshimiwa." Sijawahi kumwita refa mwongo.

"Basi mtu aliyeingia chumbani kwake alisema uongo?"

Nikatafuta ndani yangu. Kona. Nikaruka. Sabuni. Kati ya kona na sabuni alikuwapo mtu aliyechomekea jezi kabla ya kubisha hodi, aliyefunga mlango bila kishindo, aliyesema kweli mbele ya refa bila kuulizwa. Hata mke wangu angeapa kwamba ni mimi. Hata mimi.

"Jibu," mwenyekiti akasema. "Katika ninyi wawili, yule wa Jumamosi na wewe uliyesimama hapa, ni yupi anayejua?"

Chumba kizima kilinigeukia. Nikafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwogopa atakayezungumza.